"Run" si kukimbia tu

Jirani yangu hapa Mbagala alinunua pampu ya maji Kariakoo, pampu ndogo ya umeme ya kuvuta maji kutoka kisima cha uani na kuyapandisha kwenye simtanki. Ubavuni ilibandikwa karatasi ya njano yenye maneno manne ya Kiingereza kwa herufi kubwa: DO NOT RUN DRY. Akamwita mwanawe wa kidato cha pili amsomee. Kijana hakubahatisha. Alichukua kamusi yake ndogo, akatafuta neno mojamoja, akakuta "run" ni kukimbia na "dry" ni kavu au kukausha. Akaunganisha: usikimbie, kavu. Mama na mwana wakalitafakari jambo hilo pale barazani, mwisho wakakubaliana kwamba mtengenezaji hataki pampu ikaushwe, basi isifutwe kwa kitambaa hata ikinyeshewa.

Siku ya nne kisima kiliishiwa maji usiku, pampu ikiwa imewashwa. Ilizunguka bure hadi alfajiri, na harufu ya mpira unaoungua ikafika mpaka kwangu. Fundi alipoifungua alituonyesha sili, kile kipete kinachozuia maji yasipenye kwenye shafti. Kilikuwa kimebabuka na kupasuka, na plastiki iliyokizunguka ilikuwa imejikunja. Akatueleza kwamba maji yanayopita ndani ya pampu ndiyo yanayoipoza sili na kuilainisha. Yakikosekana, inasuguana mpaka inaungua. "Mama, hii imeendeshwa kavu," alisema, na papo hapo yale maneno manne ya kwenye karatasi yakawa yametafsiriwa.

Kijana alikuwa amemshikia fundi tochi. Akanigeukia. "Mwalimu, sasa hapo kukimbia kuko wapi?"

Nafundisha Kiingereza cha tuisheni, na siku ile nilimjibu kwa haraka kwamba neno hilo lina maana nyingi. Ni kweli, lakini ni jibu lisilomsaidia mtu. Hili hapa ndilo nililopaswa kumpa.

Kwanza nimtetee. Hakukosea kwa uvivu. Alifanya kile tunachowafundisha wote: fungua kamusi, chukua maana. Alisoma shule ya msingi ya serikali miaka 7 kwa Kiswahili, kisha akaingia sekondari akakuta karibu kila somo linafundishwa kwa Kiingereza. Na "run" haikumsubiri kwenye kipindi cha Kiingereza peke yake. Kwenye jiografia mto una-"run", na maji ya mvua yanayoteremka juu ya ardhi bila kuzama yanaitwa "run-off". Kwenye baiolojia, shina linalotambaa chini na kutoa mizizi linapogusa udongo, kama la ukoka, linaitwa "runner". Kwenye biashara mtu ana-"run" duka. Kwenye uchumi kuna "short run" na "long run". Kwenye kompyuta programu ina-"run". Kila mwalimu anaamini mwenzake alishalifundisha, kwa sababu ni neno dogo la herufi 3. Maneno marefu kama "photosynthesis" huandikwa ubaoni na kupigiwa mstari. Neno dogo linapita bila kusalimiwa, na ndilo linalomwangusha mtoto.

Waingereza wenyewe wanaujua uzito wake. Kamusi yao kubwa, Oxford English Dictionary, ilianza kutolewa kwa mafungu mwaka 1884 na toleo lake la kwanza likakamilika 1928. Katika toleo la pili, la mwaka 1989, neno lililochukua nafasi kubwa kuliko yote lilikuwa "set". Wahariri walipoingia kazi ya kuipitia upya kamusi nzima, taji likahama. Mwaka 2011, walipokuwa wamemaliza kuishughulikia "run", kitenzi chake peke yake kilihesabiwa maana 645. Mhariri aliyeibeba kazi hiyo, Peter Gilliver, ilimchukua miezi 9.

Ukimtajia mwanafunzi namba hiyo atafunga daftari. Ndiyo maana namwambia mapema kwamba hayo si maneno 645. Ni neno moja lililotembea sana.

Tofauti hiyo tunayo nyumbani. Chukua "kaa". Kuna kaa tunayemnunua Feri, kuna kaa la moto, na kuna kukaa kitini. Matatu haya hayana undugu, yamefanana sura tu, na hakuna njia ya kumtoa mnyama wa baharini ukamfikisha kwenye kiti. Wataalamu wa lugha huyaita maneno ya namna hiyo homonimu. Sasa chukua "kata". Unakata mkate, unakata kona, unakata kiu, unakata tamaa, unakata rufaa, unakatiwa umeme, na tumbo nalo linakata. Kisu kipo kwenye mkate tu. Lakini ukikaa na maneno hayo utaona karibu kila mahali kuna kitu kilichokuwa kinaendelea, kikakatizwa: kiu ilikuwa inaendelea, matumaini yalikuwa yanaendelea, umeme ulikuwa unakuja. Hiyo inaitwa polisemia, maana nyingi zilizotoka shina moja. Kiingereza nacho kina "bat", ambayo ni popo na pia ni gongo la kriketi. Hiyo ni kama kaa yetu, asili mbili zilizokutana barabarani. "Run" ni kama kata. Ukishalipata shina, matawi mengi yanaonekana.

Shina lenyewe tunalitafuta mahali pasipo. Sote tumefundishwa kwa picha ya mtoto mwenye bukta anayekimbia, kwa hiyo tunadhani neno lilianzia miguuni. Katika Kiingereza cha kale kitenzi "rinnan" kilitumika kwa mtu anayekwenda mbio, na kilitumika vilevile kwa maji yanayotiririka. Kijerumani, ambacho ni ndugu wa Kiingereza na ndicho kilichotuachia maneno "shule" na "hela", hadi leo kinavitenga viwili hivyo: "rinnen" kwa maji, "rennen" kwa mtu. Kwenye Kiingereza vikaungana vikawa kitu kimoja. Kwa hiyo weka maji kando ya yule mtoto mwenye bukta, halafu soma tena.

Lile bango la kunawa mikono, linalotuambia tunawe kwa maji tiririka na sabuni, ni tafsiri bora kuliko nyingi nilizowahi kuziona. Kiingereza chake ni "running water". Aliyeitafsiri hakuandika "maji yanayokimbia". Alielewa kinachotakiwa: maji yanayopita na kuondoka na uchafu, si maji yaliyotulia kwenye beseni ambamo watu wanne wameshachovya mikono. Ukiishika picha hiyo ya maji unapata mengi kwa mara moja. Pua ya mtoto mwenye mafua ina-"run". Kanga mpya ikifuliwa ikachuja na kuharibu shati jeupe, rangi ndiyo ime-"run". Barabara ya Kilwa ina-"run" kutoka mjini kuelekea kusini, ingawa lami haijasogea hata hatua moja. Ni macho yetu yanayokwenda juu yake, na sisi pia tunasema barabara inakwenda Kilwa, inapita Mbagala, bila kuona ajabu. Ugonjwa ukiwa wa ukoo, Mwingereza husema una-"run" kwenye familia, yaani unashuka kutoka kwa babu kwenda kwa mjukuu. Sisi tunasema upo kwenye damu. Ameshika kitendo cha kutiririka, nasi tumeshika kinachotiririka.

Sasa nifike kwenye pampu, maana hapo ndipo penye fundo.

Kiswahili kina utajiri mmoja ambao hatuuthamini kwa sababu tumezaliwa nao. Tukitaka kusema mtu au kitu kinafanya jambo, tunasema hivyo. Tukitaka kusema kinafanyizwa jambo hilo, tunaongeza kipande kidogo ndani ya kitenzi. Maji yanatiririka, mimi nayatiririsha. Mwizi anakimbia, watu wanamkimbiza. Gari linakwenda, dereva analiendesha. Sikio la Mswahili halikosei hapo, hata la mtoto wa miaka mitatu. Kiingereza cha kale nacho kilikuwa na kitenzi kingine, cha kukimbiza na kuendesha, kilichozaliwa na kilekile cha kukimbia. Baadaye umbo hilo likamezwa. Leo "run" inabeba vyote viwili bila alama yoyote: mto una-"run", na mwenye duka ana-"run" duka. Anayekwenda na anayeendesha wanavaa shati moja. Cha kukuonyesha nani ni nani ni mpangilio wa maneno tu: je, baada ya "run" kuna kitu kinachotendwa, au hakuna?

Mara nyingi kikiwepo, neno letu ni endesha au mwenzake wa karibu. Anaendesha duka, wanaendesha semina, kampuni inaendesha mabasi. Tena endesha yetu imetembea karibu njia ileile. Imeanza kwenye kwenda, ikapanda gari, ikaingia kwenye mkutano, kwenye kesi na kwenye biashara, ikafika hadi ndani ya nyumba, ambako mtu asiyeamua lolote tunasema anaendeshwa. Ikaishia tumboni. Mtu wa Dar akikuambia tangu jana anaendesha, hujiulizi ana gari gani. Unamtafutia dawa ya chumvichumvi na maji safi. Mwingereza mwenye tumbo hilohilo husema ana "the runs". Lugha mbili zisizo na undugu wowote, zote zimelichukua neno la mwendo zikalipeleka chooni. Nikiwaambia wanafunzi hilo wanacheka, na kicheko hicho ndicho kinachowafanya walikumbuke.

Kwa hiyo fundi wetu, aliposema imeendeshwa kavu, alikuwa ameligusa shina. Lakini karatasi ile ilikuwa na mtego wa pili, na huu ni wa haki kabisa kumkwamisha mtoto. Maneno "run dry" yakikaa pamoja yana maana mbili zinazokaribia kupingana. Bomba liki-"run dry", maana yake limekauka, maji yamekata. Ukavu umekuja mwishoni. Pampu uki-i-"run dry", maana yake unaiwasha ilhali ni kavu. Ukavu ulikuwepo tangu mwanzo. Maneno ni yaleyale, mpangilio ni uleule. Kinachoamua ni kujua kwamba bomba haliwashwi na pampu huwashwa. Yaani ili kuisoma ile karatasi ilibidi kijana ajue pampu, siyo Kiingereza tu. Mtu asimlaumu.

Mashine ndizo zilizolifanya neno hili kuwa kubwa hivi. Uingereza ilipojaa viwanda, injini na reli, watu walihitaji kitenzi cha kusema chombo kinafanya kazi yake mfululizo bila kusukumwa. Walichukua "run". Treni ika-"run", saa ika-"run", cherehani ika-"run", na karne iliyofuata kompyuta ikarithi. Sisi mashine zilipotufikia hatukuchagua kitenzi kimoja. Tuligawa kwa kuangalia kila chombo kinavyoonekana au kusikika: jenereta linanguruma, gari linatembea, feni inazunguka, redio inaongea, mashine ya kusaga inasaga, saa inakwenda. Mtafsiri anayetaka neno moja la Kiswahili litakaloziba pengo la "run" kila mahali atachoka, na akilazimisha ataandika Kiswahili cha ajabu. Nimeona maelekezo ya vifaa yaliyotafsiriwa na mashine yakisema injini "inakimbia". Hakuna fundi wa Gerezani anayesema hivyo. Kwake injini inayokimbia ni ile iliyoibwa.

Ingawa siku hizi kukimbia nako kumeanza kutembea. Watu wanasema umeme unakimbia sana tangu friji jipya liingie, wakimaanisha uniti zinaisha upesi. Bando linakimbia. Saa ikizidisha dakika tunasema inakimbia. Moyo unakwenda mbio. Vijana wa kompyuta wanasema programu "inaran", na sioni sababu ya kuwagombeza. Lugha hujaribu kwanza, huchagua baadaye.

Tazama "kimbiza", kisha umhurumie mgeni anayejifunza Kiswahili. Mwizi akikimbizwa, yuko mbele na watu wako nyuma yake wakimtaka. Mgonjwa akikimbizwa hospitali, wanaomkimbiza wako pamoja naye, na wanampenda. Na Mwenge wa Uhuru ukikimbizwa, uko mkononi mwa mkimbizaji, unapita wilaya hadi wilaya, hakuna anayeufukuza. Kitenzi kimoja, na kila mtoto wa Tanzania anajua pasipo kuambiwa nani yuko mbele ya nani. Anajuaje? Kwa kuangalia aliyetajwa kando yake: mwizi, mgonjwa, Mwenge. Njia hiyohiyo ndiyo ya kuingilia kwenye "run".

Kwenye siasa neno limepita kona yake. Wamarekani husema mtu ana-"run" kwa ajili ya urais. Waingereza, kwa jambo lilelile, husema mtu ana-"stand", anasimama. Nchi mbili za lugha moja, mmoja anakimbia na mwenzake amesimama, na wote wanataka kiti. Sisi tunagombea, kitenzi kilekile tunachokitumia kwa daladala jioni pale Mnazi Mmoja, tunapogombea siti. Nadhani letu ndilo lililoona kilichopo: kiti ni kimoja na watu ni wengi. Hata hivyo waandishi wetu huandika pia mbio za urais na mbio za ubunge, kwa hiyo miguu haikukosekana.

Hapo kwenye uchaguzi pana maneno mawili ambayo hata watangazaji huyachanganya. "Run-off" ni duru ya pili, pale ambapo hakuna aliyefikisha kura zinazotakiwa, na wawili wa juu wanarudi ulingoni. Kwa urais wa Tanzania haipo, kwa sababu anayeongoza kwa kura ndiye mshindi; kwa Kenya ipo, kwani Katiba yao ya 2010 inadai mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. "Rerun" ni jambo lingine: uchaguzi wa marudio, wa kwanza ukiwa umefutwa. Kilichotokea Kenya tarehe 26 Oktoba 2017 kilikuwa marudio, baada ya Mahakama ya Juu kuubatilisha uchaguzi wa Agosti. Hakikuwa duru ya pili. Na kumbuka "run-off" ndiyo yale maji ya jiografia, yanayoshuka kutoka milimani na kujaa Jangwani kila Msimbazi ukifurika. Mwanafunzi mmoja anaweza kukutana nayo Jumanne kwenye mvua na Jumatano kwenye kura.

Nikiwa bado kwenye umati: Septemba 2007 wateja wa benki ya Northern Rock huko Uingereza walipanga foleni kutoa fedha zao, na magazeti yakaandika kuwa kuna "run" kwenye benki. Ukitazama picha zile, watu wamesimama, tena kwa utulivu. Kilichokuwa kinakimbia ni fedha. Kwenye kriketi, ile michezo ya mwisho wa wiki kule Upanga, "run" ni alama, na tafsiri yake, mikimbio, imekaa sawa kwa sababu hapo miguu kweli inakimbia kati ya wiketi.

Sasa vile vijineno vinavyofuata nyuma. Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa: "run out", "run into", "run over", "run after", "run away". Wanafunzi huandikiwa orodha ndefu wakariri, na wanasahau yote baada ya mtihani. Mimi huwaambia hivi: sisi tunabadilisha maana kwa kuingiza vipande ndani ya kitenzi, Mwingereza anaiacha "run" ilivyo na kubandika kijineno nje. Kimbia, kimbilia, kimbiza, kimbiana. Ukimkimbia mtu unamwacha, ukimkimbilia unamwendea, na tofauti yote imebebwa na "li" moja. Kwake ni "run from" na "run to". Kazi ni ileile, yeye kaiweka uani na sisi tumeiweka chumbani. Mwanafunzi akishakiona kile kijineno kama kiambishi cha Kiingereza, anaacha kukidharau.

Ninayoipenda kuliko zote ni "run out". Mwingereza anasema sukari ime-"run out", nasi tunasema imeisha. Kisha anageuza sentensi na kumweka mtu mbele: mimi nime-"run out" ya sukari. Kwa mantiki ya kawaida ni kichekesho, sikuisha mimi. Lakini sisi tunafanya vilevile, tena kwa neno moja: nimeishiwa. Nimeishiwa sukari, nimeishiwa hela, nimeishiwa nguvu. Mtu anakaa mbele ya sentensi akiwa ndiye anayeumia, na kilichoisha kinafuata nyuma. Kila nikiwafikisha hapo, darasa linatulia. Wanagundua kwamba walikuwa wanalijua jambo hili tangu wadogo, walikuwa hawajaambiwa tu kwamba ndilo lenyewe.

Nyingine sizikalii sana. Kumgonga mtu kwa gari ni "run over"; kukutana na mtu bila kupanga ni "run into", na kugonga mti kwa gari ni hiyohiyo, kwa hiyo angalia ni nani au nini kimekutwa. Kuwa na homa ni "run a fever". Kuchelewa ni "run late". Kwenda dukani ulikotumwa ni "run an errand". "In the long run" ni hatimaye, ukiacha muda uende. Zote zina mwendo ndani yake, wa mwili, wa muda au wa joto linalopanda.

Wiki iliyofuata baada ya pampu kuungua nilimwita yule kijana, tukakaa kibarazani kwangu na ubao mdogo. Niliandika sentensi tano. She runs a shop in Kariakoo. My nose is running. The tap has run dry. He ran out of money. The road runs along the coast. Nikamwambia aifunike "run" kwa kidole na asome kilichobaki, kisha aseme Kiswahili kinachomjia ulimini, bila kamusi. Akaweka kidole. "Yeye, hapa pamefunikwa, duka Kariakoo. Ana duka." Sawa, lakini anafanya nini nalo? "Analiendesha." Pua? "Inatoka kamasi." Bomba? "Limekauka." Hela? "Kaishiwa." Barabara ilimsumbua kidogo, akaangalia angani, akasema: "Inafuata pwani." Nilikuwa sijawahi kufikiria "inafuata". Ni nzuri kuliko "inapita" niliyokuwa nimeiandaa. Katika majibu matano hakuna hata moja lenye kukimbia, na yote ni sahihi.

Hicho kidole ndicho ninachowaomba walimu wenzangu wakijaribu. Kinamlazimisha mtoto kuangalia majirani wa neno badala ya neno lenyewe, na kinamruhusu Kiswahili chake kuingia darasani bila kujificha. Tumewazoesha kuona Kiswahili ni kizuizi cha Kiingereza, wengine bado wanatozwa faini wakikizungumza shuleni. Mtoto mwenye ishiwa, kimbilia na endesha kichwani tayari ana vyombo vya kuifungulia "run", na tunampokonya mlangoni. Inaniuma kuona hivyo. Na watunga kamusi ndogo za wanafunzi, zile zinazouzwa mitaani kwa bei ya nauli ya siku mbili, nawaomba wapunguze idadi ya maneno na waongeze sentensi. "Run: kimbia" ni kweli, na ndiyo iliyounguza sili.

Pampu ilirudi na sili mpya. Kijana aliibandua ile karatasi ya njano, ambayo ilikuwa imeanza kukunjamana kwa joto, akaipangusa pampu kwa kitambaa, akachukua maka pen nyeusi. Alisimama muda mrefu. Nilitegemea ataandika "usiendeshe kavu", kama fundi. Aliandika: KISIMA KIKIWA KITUPU USIIWASHE.

Mama yake alitoka jikoni akainama kuisoma, neno kwa neno, kwa sauti. Kisha akaenda kisimani, akafunua mfuniko, akateremsha ndoo kwa kamba akisikiliza. Ikagonga maji. "Washa," akasema.